Saa Nane ya Nesi na Saa Nane ya Mama

Hotuba kwa wanafunzi wa utabibu na uuguzi wanaoanza mafunzo ya wodini, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wangu mlio hapa, shikamooni. Na ninyi wanangu, marahaba.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka 30: Pangani, Muheza, milimani Lushoto, na mwisho hapa mjini. Jumatatu mnaingia wodini. Mmeshafundishwa kupima presha, kutafuta mshipa, kusoma majibu ya maabara. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya mawasiliano kati yenu na mgonjwa, na nimekuja na jambo moja tu, ambalo nililijua kwa kuchelewa.

Tukitaja vizuizi vya mawasiliano, wengi wenu mnamfikiria bibi wa Kisambaa asiyejua Kiswahili, au Mmasai wa Kilindi, au kiziwi. Hao wapo, nitawafikia. Lakini kwa mgonjwa wa namna hiyo angalau unajua tangu mwanzo kwamba hamuelewani. Utatafuta mkalimani, utatumia mikono, utachora. Anayenitia hofu mimi ni yule mama wa Ngamiani, hapa hapa mjini, anayesema Kiswahili kizuri kuliko chako na changu. Mnazungumza, anaitikia, unaandika, anachukua dawa, anaondoka. Wala hakuna aliyegundua kwamba kila mmoja alikuwa na mazungumzo yake.

Nianze na saa.

Mwaka 2006 dawa mseto ya malaria, ALu, ilipoanza kuchukua nafasi ya SP, dawa ya malaria ya zamani, tulizoea kuwaeleza wagonjwa hivi: dozi ya kwanza meza sasa, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dozi sita kwa jumla. Niliwaeleza hivyo watu wengi mno. Siku moja, saa nne asubuhi, nikampa mama mmoja dawa ya mwanawe. Mtoto ana kilo 11, kwa hiyo ni kidonge kimoja kila dozi. Nikamwambia, "Hiki cha pili mpe baada ya saa nane." Akasema, "Nimeelewa, nesi. Ahsante." Kesho yake akarudi kwa sababu mtoto alitapika usiku, nikamuuliza kidonge cha pili alimpa wakati gani.

"Baada ya saa nane, kama ulivyoniambia. Saa nane ilipofika nikangoja kidogo, nikampa."

Saa nane mchana! Muda wa saa nne tu tangu kile cha kwanza, ilhali alitakiwa ampe saa kumi na mbili jioni. Na yule mama hakukosea hata neno moja. Kiswahili chetu kinatumia neno lile lile kwa muda unaopita na kwa saa ya ukutani. Nilitamka sentensi moja yenye maana mbili, mimi nikabaki na maana yangu, yeye akaenda na yake. Mtoto hakudhurika, namshukuru Mungu. Lakini siku ile sikulala. Nilikuwa nawahesabu wale ambao hawakurudi kuniambia.

Wapo wanaosema dawa yake ni kutofautisha: "masaa" kwa muda, "saa" kwa saa ya ukutani. Walimu wa lugha hawalipendi hilo "masaa", na hata wangelipenda, mgonjwa aliyeko nyumbani na homa ya mtoto hatakumbuka tofauti ya silabi moja. Mimi niliacha kabisa kutaja idadi. Nilianza kusema: "Hiki mpe jua likizama, Magharibi ikiadhiniwa." Tanga hii, awe Mwislamu awe Mkristo, hakuna asiyejua Magharibi imeingia. Adhana ni saa ambayo haihitaji betri, na kila nyumba inaisikia.

Saa imenionyesha mengine. Tuliwahi kuandika kwenye kadi za kliniki "08:00", kwa mtindo wa ofisini. Mzee mmoja alitoka kijijini upande wa Mkinga, akapanda gari, akafika saa nane mchana kanzu imenyooka, kliniki imefungwa. Akaambiwa amechelewa. Mzee yule hakuchelewa hata dakika. Kadi ilisema nane na yeye amefika nane. Sisi ndio tuliokuwa na nane ya Kizungu na hatukumwambia.

Au hii ya "kutwa mara tatu", ambayo mtaiandika kwenye bahasha za dawa mpaka mkono uchoke. Kutwa ni nini? Watu wa pwani husema usiku kucha, mchana kutwa. Kutwa ni mchana. Nilimtembelea mzee mmoja nyumbani aliyekuwa akimeza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, nikamkuta anameza kidonge asubuhi, kingine adhuhuri, na cha tatu alasiri kabla jua halijatua, akiwa na hakika kwamba anafuata maagizo. Na kwa lugha alikuwa anayafuata! Baada ya hapo alikaa zaidi ya saa kumi na nne bila dawa mpaka asubuhi, wakati dawa ile tunataka isipishane muda mrefu namna hiyo. Afadhali umwambie: asubuhi ukiamka, mchana ukila, usiku unapolala.

Hapo hapo niwatajie Ramadhani. Mgonjwa wa kisukari wa mji huu anaweza kufunga mwezi mzima asikwambie, kwa sababu anajua utamkataza na hataki kubishana na wewe. Atakuja kwenye kliniki, atakubali kila kitu, atakwenda kufunga. Muulize wewe, na muulize kabla ya mwezi kuandama: "Babu, mwaka huu umenuia kufunga?" Akisikia huna hasira ndani ya swali, atakwambia ukweli, na mtapanga pamoja kama hali yake inaruhusu, dawa ipi iende wakati wa futari na ipi wakati wa daku, na dalili gani zikitokea afungue mara moja. Ukingoja akwambie mwenyewe, utamwona usiku, ameletwa hajitambui.

Sasa njoo kwenye mwili.

Mgonjwa akisema "moyo unaniuma", usiandike moyo. Mwambie, "Nionyeshe kwa kidole." Mara nyingi kidole kitakwenda kwenye chembe cha moyo, juu ya kitovu, na huenda anasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Mara nyingine hatatumia kidole, atakandamiza kifua kwa kiganja kizima, jasho linamtoka, na hapo kimbia. Na mara nyingine ataweka mkono kifuani taratibu, aangalie chini, na utatambua kwamba amefiwa, au mtoto wake amemtoroka, na kinachouma hakimo kwenye picha yoyote ya eksirei. Neno ni moja. Mkono ndio unaokueleza.

"Mshipa" nao ni vivyo hivyo. Kwetu sisi wa kitabu, mshipa ni wa damu, au wa fahamu. Kwa mzee wa pwani, "nina mshipa" au "nimeshuka mshipa" inaweza kuwa ngiri, inaweza kuwa busha. Kijana mmoja wa tiba, mwenye bidii na adabu zake, nilimwona akiukagua mkono wa mzee, anauminya huku na huku, anauliza unauma wapi, na mzee anamtazama tu. Pwani yetu hii imeteswa muda mrefu na matende na mabusha, ugonjwa unaoletwa na minyoo ya damu inayosambazwa na mbu, na wanaume wengi wamebeba busha miaka na miaka chini ya kikoi kwa kuona haya. Mtu akijipa moyo mpaka akalisema kwa fumbo la "mshipa", ni juu yako kulijua fumbo. Akirudi nyumbani bila kueleweka, hatakuja tena.

Na choo. Umwulize mtu wa kijijini, "Unapata choo?" anaweza kukujibu kwamba kipo, amechimba mwaka jana. Anadhani umekuja kukagua usafi. Sema haja kubwa. Na usiseme tu "unaharisha?" kwa mtu mzima mbele ya mkwewe, sema "tumbo linakuendesha?" Akina mama hawapo "kwenye hedhi", wapo kwenye siku zao, wameingia mwezini. Yakusanyeni maneno haya kama mnavyokusanya majina ya dawa. Waulizeni mama zenu, wakunga wa zamani, wahudumu wa afya wa vijijini. Sijaona kitabu kinachoyafundisha yote, na kila bonde lina yake.

Majibu ya maabara yana mtego wake. Tunasema "chanya" na "hasi". Katika maisha ya kawaida, chanya ni jambo jema. Mtu mwenye mtazamo chanya ni mtu wa kusifiwa. Sasa unamwambia mtu kipimo chake cha kifua kikuu kimetoka chanya, naye anakushukuru, anatabasamu. Nimewahi kuliona tabasamu lile, na sitaki ninyi mlione. Sema: "Tumekuta vimelea vya ugonjwa." Au: "Hatukukuta ugonjwa tuliokuwa tunautafuta."

Kuna neno dogo kuliko yote hayo, "ndiyo". Ukimuuliza mgonjwa, "Hujameza dawa leo?" naye akasema "Ndiyo," amekwambia nini? Kwa Kiswahili amekubaliana nawe: ndiyo, sijameza. Lakini ninyi mmesoma udaktari kwa Kiingereza, na masikio yenu yanaanza kusikia kwa Kiingereza bila ninyi kujua. Unaandika kwenye faili: amemeza. Basi swali la namna hiyo liache. Uliza, "Dawa ya leo umeimeza saa ngapi?"

Tumefika kwenye maamkizi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona vijana wanapoteza wagonjwa.

Mtu wa Tanga ukimuuliza "hujambo?" atasema "sijambo", hata kama ameletwa kwa machela. Ukimuuliza "unaendeleaje, bibi?" atasema "alhamdulillahi, mwanangu, namshukuru Mungu." Huyo hakueleza hali yake. Ametimiza adabu. Ni kosa kubwa kulichukua jibu la adabu ukaliandika kama jibu la kitabibu, na nimeona likiandikwa: "mgonjwa anasema anajisikia vizuri." Lakini ni kosa kubwa zaidi kuyaruka maamkizi kwa kuwa hayana habari ndani yake. Bibi wa miaka 70 akiingia chumbani, na wewe wa miaka 24 umeinamia karatasi, unasema "jina? umri? unasumbuliwa na nini?", bibi yule ameshajifunga. Atakupa kichwa kinauma, atachukua panadoli, ataondoka na uvimbe wake kifuani. Ungeanza na "shikamoo bibi", akaitika "marahaba", ukampa "pole na safari", ukangoja akae vizuri, usingetumia hata robo dakika. Baada ya hapo ndipo umwambie, "Bibi, sasa niambie kama mjukuu wako, nini hasa kimekutoa nyumbani leo?" Adabu imekwisha kulipwa, sasa maradhi yana ruhusa ya kusemwa.

Na ukishauliza, nyamaza.

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 ya daktari na mgonjwa. Waliona kwamba madaktari, kwa wastani, walimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ukakuta sekunde 11. Sasa sikilizeni na upande wa pili. Uswisi, mwaka 2002, watafiti waliwaomba madaktari wasiseme neno mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wagonjwa walikuwa 335. Walitumia wastani wa sekunde 92, na karibu wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Najua foleni ya wagonjwa wa nje inavyokuwa Jumatatu, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na najua mtaniambia hakuna muda. Lakini mgonjwa asiyesikilizwa hurudi baada ya wiki na maradhi yale yale, na foleni inakuwa ndefu zaidi.

Tena hizo ni sekunde za Wazungu, wanaoanza na jambo lenyewe. Sisi hatuanzi hivyo. Mtu wetu ataanza na mvua iliyomkuta njiani, atapita kwa shangazi aliyefariki mwezi uliopita, ataingia kwenye kichwa na kiuno, na jambo lililomleta atalitoa akiwa ameshasimama, mkono uko mlangoni: "Na tena, dokta, kuna hili..." Hilo la mlangoni mlishike. Mara nyingi ndilo.

Mnaijua methali ya mficha uchi hazai. Tumeitumia kuwakaripia wanawake waliochelewa kuja. Mimi nimeisikia wodi za wazazi miaka yote, na nimefikia mahali ambapo siipendi inavyotumiwa, kwa sababu hakuna anayeuliza uchi huo ulitakiwa kufunuliwa wapi. Kwenye chumba kisicho na pazia? Mlango wazi, mfagizi anapita, wanafunzi sita wamezunguka kitanda, na daktari anauliza kwa sauti ya mnadani, "Wewe, huo uchafu unaotoka una harufu?" Nikiwa kijana nilihudumu kituo kimoja, sitakitaja, ambako binti aliulizwa hivyo mbele ya jirani yake wa mtaani. Akajibu hapana. Alirudi na maambukizi yaliyokuwa yamesambaa tumboni. Alificha, kweli, lakini sisi ndio tuliomnyang'anya mahali pa kusemea. Kama hakuna pazia, tandaza kanga. Kama hakuna kanga, sogea, inama, punguza sauti.

Hali ni hiyo hiyo kwa degedege. Mama wa pwani akiona mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, wengi bado husikia kwamba ni dege, ndege mkubwa au pepo aliyempitia mtoto. Na wapo wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo anapitia kwa mganga kwanza, na anapofika kwako mtoto ana chale au ananukia mafusho. Ukianza kwa kufoka, "Umempeleka kwa mganga wewe? Unataka kumuua mtoto?" umefaulu jambo moja tu: mama wa nyumba ya jirani, mwanawe akishikwa mwezi ujao, atajua kwamba hospitali kuna matusi. Unachohitaji kujua ni amenyweshwa nini na lini, maana dawa ya mitishamba inaweza kuwa na athari zake, na hilo hutalipata kwa mtu aliyeogopa. Mimi nilijifunza kusema, "Pole mama, umehangaika. Kabla hujafika hapa mlijaribu nini kumsaidia?" Swali hilo halina kesi ndani yake. Kisha, kabla ya kuchoma sindano, nilikuwa namwambia: "Nimesikia watu wanaogopa sindano kwa degedege. Watoto wengine huletwa wamechelewa sana, wakafa baada ya sindano, watu wakaona sindano ndiyo iliyoua. Wewe umewahi." Mwambie umewahi kama amewahi. Usimwongopee.

Sasa wale ambao lugha ni nyingine kabisa.

Lushoto niliwahi kumhoji bibi mmoja kwa kumtumia mjukuu wake, mvulana wa miaka kama 13. Mimi Kisambaa changu kilikuwa cha maamkizi. Nikauliza, "Bibi anatokwa na damu?" Mvulana akasema maneno mawili, bibi akasema maneno mengi sana, mvulana akainama akanijibu, "Hapana." Nilipaswa kusimama palepale. Maneno mengi hayawezi kuwa "hapana". Lakini niliandika hapana. Wiki tatu baadaye muuguzi mwenzangu, Msambaa, akakaa naye peke yake, na bibi akaeleza kwamba damu inamtoka miezi minane, na amekwisha kukoma hedhi zamani. Mtoto wa kiume angewezaje kulitamka hilo juu ya nyanya yake? Nilimbebesha mzigo usio wake. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi.

Msimtumie mtoto. Kama hamna budi kumtumia ndugu, awe mtu mzima, wa jinsia ile ile ikiwezekana, na ongea ukimtazama mgonjwa mwenyewe. Mkoa huu una Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua, Wasambaa, na mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka Kigoma, Songea mpaka Msumbiji, wengine wamezeeka hapa. Katika kila wodi yupo mhudumu au mpishi anayejua lugha unayoihitaji. Mjue kwa jina kabla hujamhitaji. Na kwa kiziwi, usipaze sauti. Muulize kama anatumia lugha ya alama au anasoma, vua barakoa kama ni salama, simama penye mwanga auone mdomo wako.

Mkalimani anayejua nusu ni hatari kuliko asiyejua, kwa sababu hujui nusu ipi. Florida, Marekani, mwaka 1980, kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali hajitambui. Ndugu zake Wakuba walisema yuko "intoxicado". Kwao neno hilo humaanisha mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Madaktari walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakadhani amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Alipona na ulemavu wa mikono na miguu yote. Ndugu walikuwapo, madaktari walikuwapo, na hakuna aliyeomba mkalimani, kwa kuwa kila upande ulidhani umeelewa. Mnaona inavyofanana na saa nane yangu?

Na sisi kwa sisi je? Ninyi mtakuwa wadogo kuliko wote wodini, na mtaona mambo ambayo wakubwa hawajayaona. Binti wa zamu ya usiku ndiye aliyekaa na mgonjwa. Daktari bingwa amepita dakika tano. Lakini adabu yetu, ile ile niliyoisifu, inaweza kumziba mdomo. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, kati ya 2007 na 2008, lilichagua hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Sehemu ya orodha ile ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani anajitaja jina na kazi yake, na wanathibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Vifo katika hospitali zile nane vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha ina mengine, kama dawa ya kuzuia maambukizi kwa wakati wake. Lakini mimi naamini sana hili la majina. Mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe mle chumbani hashindwi tena kusema, "Samahani dokta, ni mguu wa kushoto."

Mkikabidhiana zamu msiseme "mama wa kitanda cha sita hayuko vizuri." Semeni ni nani, ameletwa kwa nini, mapigo na presha sasa hivi, nini kimebadilika, na unataka mwenzio afanye nini.

Yupo atakayeniuliza juu ya habari mbaya. Desturi yetu ni kumwita ndugu pembeni, kaka mkubwa au mjomba, mgonjwa mwenyewe akabaki kusoma nyuso. Sikubaliani nayo, wala sikubaliani na kumrushia mtu neno "kansa" akiwa amekaa peke yake kwenye benchi. Muulize: "Majibu yako yamekuja. Ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au tumwite nani uwe naye?" Uamuzi ni wake. Kisha kaa chini. Na ukishasema, usikimbilie kueleza tiba. Wakati huo masikio yake yamefunga. Sema "pole", nyamaza naye.

Makala moja ya kitabibu ya mwaka 2003, ikizipitia tafiti za nyuma, ilieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya tunayomweleza mgonjwa husahaulika papo hapo, na karibu nusu ya anayoyakumbuka huyakumbuka vibaya. Ndiyo maana swali la "umeelewa?" nililiacha. Nani Tanga atakuvunjia heshima akwambie hakuelewa? Badala yake nilimwambia: "Ukifika nyumbani, baba watoto atakuuliza nesi kasema nini. Hebu niambie utamwambiaje." Ninamwomba anifundishe mimi. Akikosea, kosa ni la maelezo yangu, naeleza upya kwa maneno mengine.

Basi simameni. Geukianeni wawili wawili, mmoja awe muuguzi na mwenziwe awe mama wa mtoto wa kilo 11. Ni saa nne asubuhi, na kidonge cha kwanza cha ALu kimemezwa sasa hivi. Muuguzi, eleza vidonge vitano vilivyobaki bila kutaja neno "saa" hata mara moja. Mama, mrudishie ulichosikia, na kama umesikia nusu, mrudishie nusu hiyo hiyo, usimsaidie. Nitapita katikati yenu nikisikiliza. Anzeni.